Kazi ya Tatu ya Kuku

Historia ya mkoa wa Mara, kama ilivyoandikwa hata sasa, kwa sehemu kubwa ni historia ya ng'ombe. Mtu atakaye kujua habari za Wakurya wa Tarime na Serengeti hupata mengi juu ya mahari inayohesabiwa kwa ng'ombe, juu ya wizi wa mifugo unaovuka mpaka wa Tanzania na Kenya, na juu ya wazee waliopimwa heshima yao kwa ukubwa wa mazizi yao. Barthazar Rwezaura alichunguza sheria ya jadi ya familia ya Wakurya katika kitabu chake cha mwaka 1985, na Michael Fleisher akaandika juu ya wezi wa ng'ombe wa mpakani mwaka 2000. Katika habari za namna hiyo ng'ombe ana haki ya kukaa katikati, maana ndiye aliyeoa, ndiye aliyelipa fidia, na ndiye aliyefanya vijana wafe. Kuku hupita katika kurasa kama apitavyo uani: huonekana na kila mtu, wala hapana anayemwuliza habari zake.

Insha hii yataka kumwuliza. Yapo maneno yanayosikika sana siku hizi katika vijiji na miji midogo ya Tanzania, na Nkende, kata iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Tarime, haikuachwa nje ya mazungumzo hayo: kwamba mfugaji mdogo atafute kuku chotara, kuku wa kazi mbili, atagaye mayai mengi na ambaye nyama yake yauzika upesi. Shauri hilo ni jema, na lina historia ndefu kuliko wengi wadhanivyo. Lakini lina hesabu moja iliyokosewa. Kuku wa kijijini hakuwa na kazi mbili. Alikuwa na tatu: kutaga, kuliwa, na kuangua. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa kila hatua ya kumwendeleza kuku katika kazi mbili za kwanza ilifanywa kwa kumnyang'anya ile ya tatu, na ya kuwa swali la nani aifanye kazi hiyo ya tatu ndilo linaloamua nani atanufaika.

Lugha yetu yaijua kazi hiyo vizuri. Kiswahili hakikuridhika na neno kuku peke yake. Kipo kifaranga, yupo pora, yaani jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika, yupo tembe, ambaye hajataga, yupo mtetea, ambaye yu karibu kutaga, na yupo koo, kuku mzazi, aliyekwisha kuangua na kulea. Kadhalika twasema kuku ameatamia, yai limekuwa viza, vifaranga vimetotolewa. Maneno haya yamepangwa kwa kufuata maisha ya mzazi, na kilele cha mpango huo ni koo, neno ambalo mtu hawezi kulisikia bila kukumbuka ukoo. Watu walioitunga lugha hii walimhesabu kuku kwa uzao wake kabla ya kumhesabu kwa uzito wake.

Asili ya ndege huyu ni mbali. Kuku wetu alitokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 umewafanya wataalamu wengi kuamini kwamba alianza kuishi na watu huko Thailand yapata miaka 3,500 iliyopita, alipovutwa na nafaka za wakulima wa mpunga na mtama. Jambo hili lafaa kukumbukwa: tangu mwanzo kuku alimfuata mwanadamu kwa ajili ya punje zilizomwagika. Katika pwani yetu mifupa yake imefukuliwa katika miji ya kale kama Unguja Ukuu, na Shanga katika kisiwa cha Pate, kwenye matabaka ya karne za 7 na 8 na baadaye. Toka pwani, na labda kwa njia nyingine za kaskazini, aliingia bara, na jina lake likaingia pamoja naye. Waganda humwita enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wasukuma ngoko, Wagusii engoko. Na Wakurya wana neno la shina lilo hilo. Jirani zao Wajaluo, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine, humwita gweno. Neno linaloiga sauti ya ndege laweza kuzaliwa mahali pengi, kwa hiyo tusilitwishe ushahidi mzito. Hata hivyo kuenea kwake kwaonyesha kwamba kuku hakuwa mgeni wa jana katika nyumba za watu wa Ziwa.

Katika nyumba hizo alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke. Kwa desturi ya Wakurya kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake, na ng'ombe walikuwa chini ya mamlaka ya mume na ukoo. Kuku walilala katika nyumba, wakala makombo ya nyumba, na fedha iliyotokana nao ilitumiwa kwa chumvi, sabuni, dawa na daftari. Kwa mtu asiye na zizi, kuku alikuwa kipandio cha kwanza cha ngazi: kuku kadhaa wakawa mbuzi, mbuzi kadhaa wakawa ndama. Lakini ngazi hiyo ilisimama juu ya kazi ya tatu. Kama koo asingeangua, mwenyewe angelazimika kununua kuku mwingine kila mara, na asiye na fedha angebaki chini ya ngazi.

Sasa tuvuke bahari, maana kuku wa kazi mbili ajulikanaye na wataalamu alitengenezwa mbali nasi. Katika miaka ya 1840 kuku wakubwa wa Asia waliletwa Uingereza na Marekani, nao wakazua wazimu wa kufuga kuku katika nchi zote mbili. Mwaka 1849 watu walijazana Boston katika maonyesho ya kuku kama wanaokwenda kutazama wafalme. Wafugaji wa Rhode Island na Massachusetts wakapandisha majogoo mekundu ya Kimalaya kwa kuku wa mashamba yao, wakichagua kizazi kwa kizazi, hata akapatikana kuku mwekundu, mgumu, atagaye vizuri, mwenye nyama ya kutosha. Huyo ndiye Rhode Island Red, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1904. Huko Kent, Uingereza, William Cook alimtoa Orpington mweusi mwaka 1886. Waaustralia wakamchukua na kumchagua kwa mayai mpaka akawa Australorp, na mwaka 1922 hadi 1923 mitetea sita wa mbegu hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani wastani wa mayai 309 na nusu kwa kila mmoja.

Msomaji na atazame maana ya hesabu hiyo. Kuku anapoatamia hatagi. Anapolea hatagi pia. Kuku wa kijijini hutaga mayai 10 hadi 15, akaatamia siku 21, akalea miezi miwili au mitatu, ndipo arudi kutaga. Basi kwa mwaka hupata misimu mitatu hivi. Yeyote achaguaye kuku kwa wingi wa mayai huchagua, hata asipokusudia, wale wasiopenda kuatamia. Mashine ilikwisha kuwa tayari kuchukua mahali pao. Wamisri walikuwa wameangulia mayai katika tanuri tangu zama za kale, na Aristotle aliyataja mambo hayo. Réaumur wa Ufaransa aliandika kitabu juu ya sanaa hiyo mwaka 1749. Na Lyman Byce wa Petaluma, California, alitengeneza mashine iliyofaa kwa biashara mwaka 1879. Tangu hapo kifaranga kilikuwa bidhaa inayotumwa kwa treni, na mama yake akawa hahitajiwi.

Baadaye hata kazi mbili zilitenganishwa. Katika Marekani shindano la kumtafuta "kuku wa kesho" lilianza mwaka 1946, na katika fainali ya mwaka 1948 Charles Vantress wa California alishinda kwa kuku wa nyama aliyechanganywa Cornish na New Hampshire. Kutoka hapo njia ziliachana: mmoja akawa wa nyama tu, anayefikia kuchinjwa kwa wiki chache, na mwingine akawa wa mayai tu, mwembamba kama kijiti. Ndugu wa kiume wa yule wa mayai hakuwa na faida kwa mtu, akauawa siku ya kuanguliwa. Ujerumani imepiga marufuku mauaji hayo tangu mwanzo wa mwaka 2022, na wafugaji wa huko wameanza tena kumtafuta kuku wa kazi mbili. Hivyo Ulaya yatafuta kwa sheria na maabara kitu ambacho mwanamke wa Nkende hakukiacha.

Kuku hawa wa kazi mbili, Rhode Island Red, Light Sussex na Australorp, waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru serikali ziliwaona kuwa dawa ya upungufu wa chakula. Njia iliyopendwa ilikuwa kubadilishana majogoo. Mfano ulio karibu na Tarime ni ule wa Kenya, ambako mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza kuku: mfugaji akatoa jogoo wake wa kienyeji, akapewa wa mbegu bora. Watoto wa kwanza wa jogoo mgeni na kuku mwenyeji walipendeza kweli, kwa sababu damu mbili zilizo mbali zikikutana huzaa nguvu. Lakini wajukuu hawakuwa sawa. Mmoja alimfuata babu, mwingine nyanya, na wengi wa wale waliomfuata babu hawakujua kuatamia wala kumkimbia mwewe. Wakati ugawaji wa majogoo ulipolegea, uwanja ulianza kuchagua wenyewe, nao huchagua wale wanaojiangulia. Wataalamu wengine walisema wananchi hawakuelewa. Huenda ilikuwa sahihi zaidi kusema mpango haukumpa kuku mgeni njia ya kuzaliana katika ua wa mtu maskini.

Adui mkubwa zaidi alikuwa maradhi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza mwaka 1926, na ukaandikwa katika Kenya mwaka 1935. Hauulizi mbegu bora wala duni. Ukiingia kijijini waweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Msaada ulikuja kutoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambako Peter Spradbrow na wenzake walitafuta chanjo ivumiliayo joto, ili iweze kufika vijijini pasipo barafu. Chanjo hiyo, iitwayo I-2, hutiwa jichoni tone moja kila baada ya miezi mitatu au minne, nayo imetengenezwa Tanzania yenyewe, kwanza katika maabara ya Temeke na baadaye Kibaha.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Koo mmoja akiangua vifaranga 10 katika kila msimu kwa misimu mitatu, amepata 30. Wakiokoka watatu katika kila 10, mwenyewe ana kuku tisa kwa mwaka. Wakiokoka saba, ana 21. Hakununua jogoo, hakununua mashine, na koo ni yule yule. Tena vifaranga vikitengwa mapema katika tenga, vikapewa joto na chakula chao, mama hurudi kutaga upesi, na misimu huweza kuongezeka. Kazi ya tatu, ikitunzwa, yaongeza zile mbili.

Hapa twafika kwenye chakula, ambacho katika mashauri mengi hutajwa mwisho ingawa ndicho kinachokula fedha nyingi kuliko vyote. Elimu ya chakula cha wanadamu yenyewe ina deni kwa kuku. Mwaka 1890 hivi, huko Batavia, Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara wakipooza miguu walipolishwa mchele mweupe uliopikwa, nao wakapona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Katika pumba zile zilizotupwa ndimo mlimokuwa uhai. Na kutokana na uchunguzi huo na mwingine wa namna hiyo tulijifunza habari za vitamini, na Eijkman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mwanamke amwagiaye kuku pumba hakuwa akifanya jambo la kijinga.

Kuku wa kienyeji hujitafutia wadudu, majani na punje, akaongezewa kidogo. Kuku chotara afugwaye kwa mayai hutaka gramu 110 hadi 120 za chakula kilichochanganywa kila siku, yaani zaidi ya kilo 40 kwa mwaka. Kuku kumi wahitaji zaidi ya kilo 400. Kama sehemu kubwa ya hiyo ni mahindi, basi ghala moja lina walaji wawili, na katika mwaka wa mvua haba swali la nani ale kwanza si la kitaalamu tena. Protini nayo ina bei. Tarime iko karibu na Ziwa Viktoria, na dagaa wake ni wazuri mno kwa kuku. Lakini dagaa hao hao ndio kitoweo cha maskini, na viwanda vya chakula cha mifugo hununua sehemu kubwa ya wanaovuliwa. Mashudu ya pamba hupatikana mkoani, ila yana sumu iitwayo gosipoli, na yakizidi huharibu rangi ya kiini cha yai. Mashudu ya alizeti ni salama zaidi. Mtama mwekundu una uchachu unaozuia kuku asifaidi protini, na muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, nao hauna budi kukaushwa vizuri kabla ya kutumiwa. Mahindi yaliyoota ukungu huleta sumukuvu, yenye kumdhuru kuku na amlaye. Mambo haya yote mfugaji aweza kuyajifunza, lakini yaonyesha kwamba chotara hali makombo, na asiyeweza kumlisha amenunua hasara yenye manyoya mazuri.

Katika miaka hii ya karibuni wameingia kuku wawili waliosifiwa sana. Wa kwanza ni Kuroiler, aliyetolewa na Keggfarms ya Vinod Kapur nchini India katika miaka ya 1990 kwa kusudi la kuishi uani. Wa pili ni Sasso, mwenye asili ya Ufaransa. Mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioanza mwaka 2014 chini ya ILRI katika Ethiopia, Nigeria na Tanzania, uliwajaribu kwa wafugaji wadogo wa nchi yetu, na kwa uzito waliwapita kuku wa kienyeji kwa mbali. Makampuni yakaanza kuwatotolesha: AKM Glitters ikajulikana kwa Kuroiler katika Dar es Salaam, na Silverlands kwa Sasso katika Ihemi, Iringa. Hapana sababu ya kuwakataa. Hawa wametengenezwa kwa akili zaidi kuliko wale wa majogoo ya kubadilishana, na wamewapatia watu wengi kipato.

Ila na wao huanguliwa mahali pengine. Wazazi wao hulindwa na kampuni, na mfugaji akijaribu kuwazalisha mwenyewe hupata wajukuu wasiofanana, kama ilivyokuwa zamani. Toka Iringa au Dar es Salaam hata Tarime ni zaidi ya kilomita 1,000, na kifaranga cha siku moja hutaka joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki yake ya kwanza, hali usiku wa nyanda za juu za Tarime ni wa baridi. Njia fupi ni kuvuka Sirari kwenda Isebania, lakini mpaka una sheria zake. Mwishoni mwa Oktoba 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Namanga kutoka Kenya kinyume cha marufuku iliyowekwa mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege. Waliotetea walitaja afya ya kuku wa nchi nzima, waliolaumu walitaja huruma. Ninalotaka mimi lionekane ni hili: kifaranga cha koo hakipiti forodhani. Siku kuku alipoacha kuangua, uzao wake uliingia katika mikono ya serikali, madalali na wenye magari, na wahenga walikwisha kusema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Lipo shauri ambalo wafugaji wengi wa vijijini wamelipata bila kufundishwa, nalo ni kumtia koo wa kienyeji mayai ya chotara aatamie yeye. Tukilitazama kwa jicho la historia, jambo hili dogo ni hukumu kubwa. Mfugaji amekubali mayai na nyama ya mgeni, lakini amekataa kuachana na mama mwenyeji, kwa kuwa ajua kazi ya kila mmoja. Elimu yetu ingemfuata angalau hapo. Wachunguzi wa Sokoine wamekwisha kutambua namna mbalimbali za kuku wa asili: kuchi mrefu, anayeonekana kuwa na undugu na kuku wa mapigano wa Asia, singamagazi wa Tabora, ching'wekwe mfupi wa Morogoro, na wengine, nao waligundua kwamba hawalingani katika kuhimili maradhi. Hazina hiyo ikichaguliwa kwa subira, mayai na nyama vikiongezwa pasipo kufuta kuatamia, itachelewa kuleta sifa lakini mbegu itabaki kwa mwenyewe.

Kwa hiyo ofisa wa mifugo afikapo Nkende na kusifu kuku wa kazi mbili, kabla ya kuuliza jinsi wanavyotaga na uzito wao, ingefaa amwulize mwenye nyumba maswali matatu ya zamani: mwaka wa njaa kuku hawa watakula nini, mdondo ukija nani atawatia tone jichoni, na wakiisha, wengine watatoka wapi. Kwa yule anayeweza kujibu kwamba atanunua, chotara ni mali. Kwa yule asiyeweza, koo aliyelala juu ya mayai yake katika pembe ya jiko ndiye benki, ndiye shule, na ndiye ng'ombe wa kesho. Na mpango wowote wa maendeleo utakaomwondoa pembeni hapo, hata ukileta mayai mengi, utakuwa umemwachia mwanamke huyu kununua kila mwaka kitu alichokuwa akizaliwa nacho bure.